Msaada: Siku 12 Peru na mzee wangu, magofu ya Wainka na milima. Nipunguze nini?

Mwana wa Mwalimu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mzee wangu amestaafu. Kafundisha jiografia miaka 31, na kila mwaka kuna darasa lililosikia kwake habari za Wainka, wale watu wa dola ya kale ya milima ya Andes, matuta yao na barabara zao za mawe, mambo ambayo yeye mwenyewe aliyajulia vitabuni tu. Ana miaka 66. Watoto wote wanne tumechangishana, tumempa zawadi ya safari, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza. Tunataka mwongozaji wa kuwa naye safari nzima, kwa sababu Kihispania chetu kinaishia kwenye salamu.

Ratiba niliyoichora:

Siku ya 1: kufika Lima, kulala.
Siku ya 2: ndege hadi Cusco asubuhi, mchana magofu ya Sacsayhuamán.
Siku ya 3: Vinicunca, ule mlima wa rangi rangi.
Siku ya 4 hadi 7: Njia ya Inka kwa miguu mpaka Machu Picchu, mji wao wa kale.
Siku ya 8 hadi 11: magofu ya Choquequirao, kwa miguu pia.
Siku ya 12: kurudi.

Mzee ni mzima, hana presha wala sukari, anatembea kila asubuhi. Ila goti la kushoto linamsumbua akishuka ngazi. Tunalenga Juni mwakani. Najua imebana kidogo lakini nimeona video ya kijana aliyefanya yote haya kwa siku kumi. Nipunguze nini?

Nawasilisha.

---

Chapa Lapa

Hapo cha kupunguza ni kimoja tu mkuu, mzee. Mwache nyumbani.

Natania. Nakaa pembeni nasoma.

---

Mgumu Mstaafu

Mleta uzi, kwanza hongera, wachache wanawakumbuka wazee wao kwa namna hiyo. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, nikaongoza wageni miaka kumi na mbili. Peru nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kichwa juu nikijiona mtu wa mlima, nikatapika usiku wa kwanza kama mgeni yeyote.

Ratiba yako umeiandika kwa majina. Iandike upya kwa mita, kila siku andika mnalala kwenye mita ngapi, halafu isome. Lima iko pwani. Cusco iko kama mita 3,400. Vinicunca inavuka 5,000. Kwa hiyo umemtoa mzee wa miaka 66 usawa wa bahari, ukampeleka zaidi ya mita 5,000 ndani ya siku mbili. Sisi mlimani mgeni anafika urefu huo usiku wa kuelekea kileleni, akiwa ameshalala mlimani siku nne, tano, hata sita, na bado wapo tunaowashusha mbio.

Watu wanadanganywa na jina la Machu Picchu. Wanadhani ndiko juu kabisa. Machu Picchu iko mita 2,430 tu, karibu kilomita nzima chini ya Cusco. Kinachowaangusha watu ni Cusco yenyewe, pale uwanja wa ndege, siku ya kwanza, wakiwa wameshika begi na simu wanapiga picha.

Dawa yake ni rahisi. Mkishuka kwenye ndege Cusco, msilale hapo. Gari iwe inawasubiri, shukeni moja kwa moja Bonde Takatifu, mkalale Ollantaytambo, kama mita 2,800. Kaeni huko usiku tatu, nne. Magofu yapo hapohapo, hamtapoteza kitu. Cusco iwe ya mwisho, si ya kwanza. Mwongozaji atakayekuuzia Vinicunca siku ya tatu bila kukuuliza mzee ana miaka mingapi, huyo mwongozaji mwenyewe ndiye wa kupunguza.

---

Tabibu wa Zamu

Naunga mkono hoja ya Mgumu. Niongeze upande wangu.

Kwenye mita 3,400 kila pumzi inakupa takribani theluthi mbili ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unajirekebisha, lakini kwa siku, si kwa saa. Kanuni tunayoitumia: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uweke siku ya kupumzika. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukashuka kulala. Kinachohesabiwa zaidi ni kitanda.

Kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kichefuchefu ni dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko. Ukizipata usipande zaidi mpaka ziishe. Mbili ndizo za kuogopa. Ya kwanza, mtu anaanza kupepesuka: mwambie atembee mstari mnyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. Ya pili, anahema akiwa amekaa tu, na anakohoa: mapafu yanajaa maji. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke, anashushwa saa hiyohiyo.

Kitu kingine kitakachokutisha mkilala chumba kimoja: usiku mtu anaweza kupumua haraka haraka, kisha akanyamaza kabisa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kubwa. Ni kawaida huko juu. Usimwamshe mzee kwa mayowe.

Kuna dawa ya acetazolamide inayosaidia mwili kuzoea, huanza siku moja kabla ya kupanda. Si ya kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Mpeleke mzee kwa daktari wake kwanza. Na bima: soma maandishi madogo. Bima nyingi za safari zinaishia urefu fulani, na kubebwa kwa helikopta au gari la wagonjwa kutoka milimani ni kipengele cha peke yake.

Chai ya majani ya koka mtapewa kila mahali. Peru ni halali, kunyweni. Ila msiweke hata jani moja kwenye begi la kurudia, nchi nyingi zinaihesabu ni dawa ya kulevya, na ukipimwa mkojo kazini inaonekana.

---

Mwana wa Mwalimu

Duh. Kumbe nilikuwa naenda kuua mzee kwa mchango wa familia.

Vinicunca imetoka. Ollantaytambo imeingia. Vipi Njia ya Inka siku nne? Hiyo ndiyo ndoto yake hasa, barabara yenyewe ya mawe.

---

Bi Tausi

Mwanangu, mimi nimeitembea hiyo njia nikiwa na miaka 52, kwa hiyo nakuambia nilichokiona.

Ni kama kilomita 43, inaanzia mahali panapoitwa Kilomita 82 kwenye reli. Siku ya pili ndiyo yenye jina: unapanda hadi Warmiwañusca, mita 4,215. Wenyeji wanapaita Mwanamke Aliyekufa kwa sababu ukitazama toka bondeni mlima unafanana na mwanamke aliyelala chali. Kupanda nilipanda, taratibu, nikipumua kwa mdomo kama samaki. Kilichonimaliza ni kushuka. Baada ya hapo ni ngazi za mawe, maelfu, nyingine zinafika gotini, na Wainka hawakumwekea mtu chuma cha kushikilia. Kama goti la baba linalalamika kwenye ngazi za nyumba, siku ya tatu mtambeba.

Suala la pili ni kibali. Hii njia huiingii mwenyewe, sheria inataka uende na kampuni yenye leseni na mwongozaji mwenye leseni. Watu 500 kwa siku, na ndani ya hao 500 wamo waongozaji, wapishi na wabeba mizigo, kwa hiyo watalii ni kama 200 tu. Februari njia inafungwa mwezi mzima kwa matengenezo. Juni ni kiangazi, msimu wenyewe, na vibali huisha miezi mingi kabla. Ukisema utanunua ukifika, utaishia kununua fulana.

Na kibali kinaandikwa jina na namba ya pasipoti, hakihamishiki. Mimi pasipoti yangu iliisha katikati, nikapata mpya. Ahsante Mungu mtu aliniambia nibebe zote mbili, ya zamani na mpya. Pale kwenye kizuizi nilisimama robo saa wakilinganisha namba. Nyuma yangu palikuwa na kijana hana ya zamani, sijui aliishia wapi, sisi tulipita tukamwacha anapiga simu.

---

Mgumu Mstaafu

> Bi Tausi alisema: ndani ya hao 500 wamo waongozaji, wapishi na wabeba mizigo

Shikamoo mama. Hapo umegusa kidonda changu, nivumilieni.

Wale wabeba mizigo ni wagumu kama sisi, ndivyo tunavyoitwa wabebaji wa Kilimanjaro. Sheria ya Peru inaweka kikomo, mwanamume asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo inapimwa kwenye vizuizi vya njiani. Kwenye karatasi. Siku niliyopita mimi, kampuni moja ilipunguza uzito kabla ya mizani kwa kugawa vitu kwa wageni, na baada ya mizani vitu vikarudi mgongoni kwa mgumu. Mbinu hiyo naijua, nimebebeshwa hivyo mimi mwenyewe. Kampuni sitaitaja.

Kwa hiyo mleta uzi, ukiwa unachagua mwongozaji, acha kuuliza maswali ya picha na chakula. Muulize wagumu wake wanalala wapi. Wana hema lao, au wanasubiri wageni wamalize kula ndipo walale kwenye hema la chakula? Wanavaa nini miguuni? Wanapimiwa mzigo mara ngapi? Anayejibu moja kwa moja, huyo ana kambi yenye nidhamu, na kambi yenye nidhamu ndiyo yenye mtungi wa oksijeni unaofanya kazi. Anayeanza kuzunguka zunguka, mwage.

Halafu muulize la pili: siku akiugua mtu mmoja kati yenu wawili, mwongozaji anabaki na nani? Kama yuko peke yake na jibu hana, hajawahi kuugulisha mgeni au amewahi na hakujifunza.

---

Chapa Lapa

Sasa mbona mnamtisha? Wenzetu wanaenda peke yao na ramani ya simu. Mwongozaji wa nini, magofu si yapo tu yamesimama?

---

Bi Tausi

Yamesimama ndiyo, lakini hayasemi.

Nikupe mfano. Ollantaytambo juu kuna mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, yamesimama sambamba. Nilifika mara ya kwanza na mwongozaji wa kundi la watu 30, akasema kwa kipaza sauti "hekalu la jua, picha dakika tano", tukashuka. Mara ya pili nilikuwa na mwongozaji mzaliwa wa pale, mzee anayezungumza Kikechua. Hakuanza na hekalu. Alitugeuza tukalipa mgongo, akaonyesha ng'ambo ya mto Urubamba, mlima mwingine kabisa. Akasema, machimbo yalikuwa kule juu, Kachiqata. Mawe yaliteremshwa mlima ule, yakavushwa mto, yakapandishwa huku. Bila gurudumu, bila ng'ombe, bila chuma. Kisha akanyamaza. Nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama mto.

Mawe ni yaleyale, Chapa Lapa. Tofauti ni mtu.

---

Chapa Lapa

Nimekuelewa mama. Naondoa swali.

---

Msoma Ramani

Naona wote mmekazania Machu Picchu. Niwe mbishi kidogo. Machu Picchu siku hizi unaingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, unafuata mzunguko uliopangiwa, huruhusiwi kurudi nyuma, na ukitoka umetoka. Choo hakuna ndani, kipo nje ya lango tu. (Hili la choo mwambie mzee mapema, chai ya koka na umri si marafiki.)

Choquequirao ni kitu kingine. Mji wa Inka juu ya korongo la mto Apurímac, hakuna gari wala treni, sehemu kubwa bado imefunikwa na msitu. Kuna matuta yenye picha za llama, wale wanyama wa mizigo wa huko, zilizopangwa kwa mawe meupe ndani ya ukuta, unaziona ukiwa umesimama upande wa pili. Unaweza kufika ukakuta watu kumi. Kama mzee ni mwalimu wa jiografia, korongo lile peke yake ni somo la muhula mzima: juu baridi na nyasi, chini joto na dungusi kakati.

---

Mgumu Mstaafu

Msoma Ramani, umetaja korongo ukasahau kusema lina kina gani. Ni kushuka karibu mita 1,400 mpaka mtoni, kisha kupanda nyingine kama hizo upande wa pili. Na kurudi ni hivyohivyo. Goti la kushoto, ndugu yangu. Goti la kushoto.

---

Msoma Ramani

Kuna nyumbu wa kukodi. Anapanda mnyama.

---

Chapa Lapa

Nyumbu?! Wale wa Serengeti?

---

Msoma Ramani

Hahaha, mtoto wa punda na farasi, wewe. Kiswahili kimetuonea, wanyama wawili jina moja.

Ila nakubali. Mtu ambaye hajazoea kukaa juu ya mnyama, kwenye njia nyembamba upande mmoja bonde, sio mapumziko. Naondoa Choquequirao kwa mzee. Kwako mleta uzi naibakiza, kwa safari nyingine.

Badala yake nakupa kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Q'eswachaka, daraja la kamba juu ya huohuo mto Apurímac, lina urefu unaokaribia mita 30, lote la nyasi zilizosokotwa. Kila mwaka mwezi Juni jamii nne za pale zinakusanyika, zinasokota kamba upya, daraja la zamani linakatwa linaachiwa mto, jipya linafungwa kwa siku chache. UNESCO waliiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2013. Ile mitandao ya barabara za Inka, Qhapaq Ñan, inayofika kilomita 30,000 hivi na kupita nchi sita za leo, ilivuka mito kwa madaraja ya namna hii. Mengine yote yamekwisha oza. Hili halijapata nafasi ya kuwa gofu kwa sababu kila mwaka lina siku yake ya kuzaliwa.

Liko kama mita 3,700 na ni saa kadhaa za gari kutoka Cusco, kwa hiyo liwe mwishoni, mzee akishazoea hewa.

---

Mwana wa Mwalimu

Wakuu, nimemsomea mzee uzi huu wote jana usiku. Kwenye daraja alinisimamisha akasema "rudia hapo". Kwenye nyumbu alicheka mpaka akakohoa.

Swali moja limebaki. Anataka akanyage hiyo barabara ya Inka yenyewe, hata kidogo. Siku nne nimeshaelewa haiwezekani. Hakuna kipande?

---

Bi Tausi

Kipo! Na nimejilaumu kutokisema mwanzo.

Treni ya kwenda Machu Picchu kutoka Ollantaytambo mwambie mwongozaji mshukie Kilomita 104. Hapo mnavuka daraja la mto, mnaanza kutembea. Ni njia ya siku moja. Inaanzia chini, kama mita 2,100, inapanda mpaka Wiñay Wayna kama 2,650, magofu ya matuta yaliyoning'inia ubavuni mwa mlima, jina lake maana yake ni kijana milele. Kutoka hapo ni mawe yaleyale ya Inka mpaka Inti Punku, Lango la Jua, na mji wote unauona chini yako. Karibu njia nzima ni kupanda, kushuka ni mwishoni tu, kisha mnachukua basi. Magoti hupenda hivyo.

Kibali kinahitajika vilevile, na mwongozaji mwenye leseni vilevile. Mtafika mchana umekwenda, kwa hiyo mlale mjini chini ya mlima, kesho yake mrudi kwa tiketi nyingine. Kwenye hiyo ya pili chagueni mzunguko unaopita ndani ya mji, sio ule wa juu wa kupigia picha, maana juu mtakuwa mmeshapita.

Fimbo za kutembelea za chuma ziwe na kofia za mpira miguuni, bila hivyo wanakuzuia. Na begi dogo, kubwa linabaki nje.

---

Mwana wa Mwalimu

Ratiba mpya. Nimeiandika kwa mita kama nilivyoagizwa, mita za kulala:

Siku ya 1, Lima, pwani. Siku ya 2 hadi 5, Ollantaytambo, 2,800: siku ya kwanza kukaa tu, kisha magofu ya hapo, Moray na yale matuta ya duara, mabwawa ya chumvi ya Maras, na Pisac. Siku ya 6, Kilomita 104 na kulala Aguas Calientes, ule mji wa chini ya mlima. Siku ya 7, Machu Picchu ndani, jioni kurudi Ollantaytambo. Siku ya 8 hadi 10, Cusco, 3,400: moja ya kupumzika, moja ya Sacsayhuamán, moja ya Q'eswachaka. Siku ya 11, akiba. Siku ya 12 nyumbani.

Kuna tiketi ya pamoja ya Cusco ya soli 130 (fedha ya Peru), siku 10, inaingiza sehemu 16 zikiwemo Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo na Moray. Machu Picchu na chumvi ya Maras havimo.

Waongozaji watatu nimewaandikia. Nikawauliza swali la Mgumu, akiugua mmoja unabaki na nani. Wa kwanza alijibu "hakuna anayeugua kwangu". Wa pili hakujibu. Wa tatu, ni mama, alinirudishia maswali sita kuhusu mzee kabla hajasema bei.

---

Mgumu Mstaafu

Mchukue huyo mama. Na hiyo siku ya akiba usije ukaijaza na kitu. Nakujua, utaijaza. Huko migomo ikifunga reli inaifunga kweli, na hakuna barabara ya gari inayofika Aguas Calientes.

---

Tabibu wa Zamu

Hii sasa naweza kuisainia. Usisahau nguo za usiku. Juni mchana jua linachoma ngozi, usiku huko juu maji yanaganda.

---

Mwana wa Mwalimu

MREJESHO

Wakuu, tumerudi wiki iliyopita. Samahani kwa kimya cha miezi, niliogopa kuja kusema kabla mambo hayajatimia.

Usiku wa kwanza Ollantaytambo saa nane hivi mzee akanyamaza kupumua. Nikakaa kitandani nahesabu. Moja, mbili, tatu... kwenye tisa akavuta pumzi kama mtu anayeibuka majini. Akarudia. Tabibu, nilikuwa nakukumbuka kwa jina. Asubuhi kaamka anaulizia chai, mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa kwa kukosa usingizi.

Kilomita 104 tulitumia saa nane, makundi yote yalitupita. Yule mama mwongozaji hakutuharakisha hata mara moja, alitembea nyuma ya mzee, sio mbele. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akitangulia mwongozaji, mgeni anafuata mwendo wa mwongozaji. Karibu na Lango la Jua kuna ngazi zilizosimama kama ukuta, mzee alizipanda kwa mikono na miguu kama mtoto. Juu ukungu umefunika kila kitu. Tukakaa. Baada ya nusu saa ukafunguka upande mmoja tu, tukaona matuta, tukaona nusu ya mji, ukajifunga tena. Mzee akasema inatosha, nyingine kesho. Na kweli kesho yake ilikuwa jua tupu na watu tele, na hakuisemea sana.

Siku ya akiba sikuijaza, Mgumu. Ilijijaza yenyewe: tuliporudi Cusco kichwa kilimuuma, tukalala siku nzima, Q'eswachaka ikasogea mbele. Daraja lilikuwa jipya, lina siku chache tu tangu lifungwe, nyasi bado zina harufu. Mzee hakuvuka. Alikaa ukingoni akishika mwisho wa kamba kuu, nene kama paja la mtoto, akihesabu misokoto kwa sauti. Mimi nilivuka, na sitasimulia nilivyovuka.

Lililotushinda: Pisac tuliikata, goti lilikuwa limevimba. Na mimi nilikosea kwenye fedha, mabasi na vyoo vya njiani wanataka sarafu, nikawa na noti kubwa tu, kila mara mwongozaji ndiye ananitolea.

---

Chapa Lapa

Safi sana mkuu! Kati ya picha zote mzee ameipenda ipi? Tupia hapa.

---

Mwana wa Mwalimu

Ya mji hajaichagua. Aliyoiweka kwenye simu yake ni ya Ollantaytambo, siku ya nne.

Tulikwenda kutazama njia ya yale mawe aliyoyasema Bi Tausi. Kumbe kati ya machimbo na hekalu yamebaki mengine makubwa, yalikuwa yanavutwa, kazi ikasimama, yakaachwa palepale. Mwongozaji akatuambia wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Mzee alikuwa ameshachoka yeye mwenyewe, anatafuta pa kuketi. Akaketi chini, kwenye kivuli cha moja, akalipigapiga kwa kiganja, akamwambia yule mama kupitia kwangu:

"Mwambie basi ameshapata la pili."

Picha yenyewe ndiyo hiyo.

---

Bi Tausi

Msalimie baba. Mwambie asikae sana, mawe yale ni ya baridi.